Pampu ya joto kwenye nyumba mpya Ujerumani: nimeletewa kotesheni ya euro 36,400. Napigwa au ndiyo bei yake?

MjengaUghaibuni · 14 Machi 2024

Wakuu heshima kwenu.

Najenga kijijini, kama nusu saa kwa gari kutoka Hannover. Ni nyumba ya mbao ya kiwandani, ile inayoletwa na malori kuta zikiwa na madirisha tayari, siku mbili imesimama. Mita za mraba 142, chini na juu, tutakaa wanne: mimi, mke wangu na watoto wawili. Kibali tumeomba mwezi uliopita.

Kwa ambao hawako huku: nyumba isiyopashwa joto haikaliki kuanzia Oktoba hadi Aprili. Zamani ungefunga boila ya gesi, ukasahau. Sasa tangu 1 Januari 2024 sheria inataka nyumba mpya kwenye eneo jipya la viwanja itumie angalau asilimia 65 ya nishati jadidifu kwa joto lake. Kiwanja chetu kimo humo, na mtaani hata bomba la gesi halikuletwa. Basi ni pampu ya joto, ile inayovuta joto kutoka hewa ya nje na kupasha maji yanayozunguka sakafuni.

Kampuni inayotujengea imeniletea mchanganuo huu, kodi ikiwa ndani:

Mashine ya nje, kilowati 12: 15,900
Tanki la maji ya kuoga, lita 300: 3,400
Tanki la akiba, lita 200: 1,900
Mabomba, valvu, pampu za mzunguko: 4,700
Umeme na mita: 3,100
Msingi wa zege nje na mtaro: 2,200
Kazi, na kuwasha mara ya kwanza: 5,200

Jumla 36,400. Mabomba ya sakafuni yana bei yake pembeni, 9,800. Yaani nakaribia euro 46,000 ili nisisikie baridi.

Ninayo na kotesheni ya pili, ya kuchimba ardhini: visima viwili vya mita 65 kila kimoja, jumla 41,700.

Baba mkwe ameziona zote mbili akacheka. Yeye ana boila ya gesi ina miaka 26 na anasema itamzika. Naombeni wenye uzoefu mniambie, maana fundi wa kampuni kila nikimuuliza ananijibu "hii ndiyo ya kawaida".

---

ChaiMaziwa · 14 Machi 2024

Euro 46,000 si zaidi ya milioni mia hiyo? Mkuu kwa hela hiyo Kibaha unapandisha nyumba, unapiga bati, unaweka na geti la kujivuta lenyewe. Wewe unanunua joto. Huku tunalipia kulikimbia.

Natia nanga hapa kusoma.

---

MzeeKibatari · 14 Machi 2024

Usiogope hiyo bei, serikali ya huko inarudisha asilimia 70. Niko Frankfurt, jirani yangu anafunga na ameshaomba hela zake. Saini tu.

---

MjengaUghaibuni · 14 Machi 2024

Mzee umenipa usingizi leo. Asilimia 70 ya 36,400 ni zaidi ya 25,000!

---

Fundi Kompresa · 15 Machi 2024

MjengaUghaibuni, usisaini kitu. Mzee Kibatari kasema kweli lakini ya nyumba nyingine.

Nijitambulishe kwanza. Nilianzia friji na AC, VETA Chang'ombe, sasa niko kusini huku, mwaka wa tisa nafunga hizi pampu. Ile ruzuku ipo kweli na inatoka benki ya serikali, KfW. Msingi wake asilimia 30. Unaongezewa 20 ukiwa unaishi mwenyewe kwenye nyumba na unang'oa boila ambayo bado inafanya kazi, ya mafuta, au ya gesi iliyotimiza miaka 20. Unaongezewa 30 kama mapato ya nyumba hayazidi euro 40,000 kwa mwaka. Na 5 kwa mashine ambayo gesi inayozunguka ndani yake ni ya asili kama propani, au inayovuta joto la ardhini au la maji. Zikijumlishwa mwisho ni 70, tena gharama wanayohesabu haivuki euro 30,000 kwa nyumba ya familia moja. Kwa hiyo hata mwenye bahati zote haondoki na zaidi ya 21,000.

Sasa sharti lenyewe: nyumba iwe na miaka 5 au zaidi. Yako haijazaliwa. Utapata sifuri.

Kwa nyumba mpya kuna mikopo ya riba nafuu. Mmoja ni wa familia zenye watoto zinazojenga nyumba ya kiwango cha juu cha kutunza nishati: mapato yasizidi 90,000 kwa mwaka ukiwa na mtoto mmoja, ongeza 10,000 kwa kila mtoto anayefuata. Unaombwa kabla kazi haijaanza. Ukishaanza kujenga, ndiyo basi tena.

Nikitoka kazini nitarudi kwenye kotesheni yako. Kuna kitu pale kimenichoma macho.

---

MjengaUghaibuni · 15 Machi 2024

Usingizi umerudi ulikotoka. Asante fundi, nakusubiri.

---

BintiMichenzani · 15 Machi 2024

Pole kaka. Hata huku Uingereza mambo ni hayohayo. Serikali inatoa pauni 7,500 tangu Oktoba 2023, awali zilikuwa 5,000. Lakini ukinunua nyumba mpya kutoka kwa mjenzi hupati, wanaona bei ya pampu imeshaingizwa kwenye nyumba. Anayejijengea mwenyewe ndiye anayeruhusiwa. Kwa hiyo wewe ungekuwa kwetu ungepata.

Mimi nanunua ya mjenzi. Nimeingia kuiona, nimekuta mashine nje inavuma, nikauliza inatumia umeme kiasi gani, yule kijana wa mauzo akaniambia "kidogo sana dada". Nikamwambia kidogo ni ngapi. Akenda kuuliza, mpaka leo hajarudi.

---

SimbaWaTheluji · 15 Machi 2024

Sweden hapa, mimi ni Mkenya. Boss, hii kitu huku si story tena, nyumba nyingi za familia moja zinatumia pampu ya joto ya aina fulani. Walianza baada ya bei ya mafuta kupanda miaka ya 1970. Jirani zangu wote wamechimba kwenye mwamba, mita 150, 200 hivi, hakuna anayeshangaa.

Na sisi pia kuna punguzo la kodi kwa kazi ya fundi, asilimia 30 ya ufundi, si ya vifaa. Na masharti? Nyumba iwe imepita miaka mitano! Hizi nchi zilikaa meza moja.

Swali kwa fundi: kuchimba si ndiyo bora? Mimi ningechimba.

---

Fundi Kompresa · 16 Machi 2024

Haya nimekaa na chai. Vumilieni, ni ndefu.

Kitu kilichonichoma macho ni ile kilowati 12. MjengaUghaibuni, je, kuna mtu yeyote amekuonyesha hesabu ya nyumba yako inapoteza joto kiasi gani? Chumba kwa chumba, ukuta, dirisha, paa? Nina wasiwasi hakuna. Wamechukua mashine iliyoko ghalani wakaiandika.

Kwa nyumba mpya ya mita 142 yenye kuta nene za sasa nategemea kitu kama kilowati 5 hadi 6, siku ya baridi kali kabisa, kwenu tuseme nyuzi 12 chini ya sifuri. Tuchukue 5.4. Hiyo ni nyumba ikiwa na nyuzi 20 ndani, tofauti ya ndani na nje ni 32.

Sasa baridi ya namna hiyo mnaipata siku ngapi kwa mwaka? Chache. Siku nyingi za kipupwe nje ni nyuzi 5, 6, 7. Chukua 7: tofauti inabaki 13. Gawa 13 kwa 32, zidisha na 5.4, unapata kama kilowati 2.2. Ndicho nyumba inachohitaji.

Mashine ya 12 haiwezi kushuka hadi 2.2. Hata yenye inveta, yaani inayobadili kasi, nyingi za ukubwa huo zikipunguza mwisho kabisa zinabaki 4 au 5. Kwa hiyo itawaka, itajaza maji joto kwa dakika kumi, itazima, itawaka tena. Ni daladala kwenye foleni ya Mbagala: gia ya kwanza, breki, gia ya kwanza, breki. Inakunywa umeme na kompresa inazeeka kabla ya siku zake. Halafu ili kuficha ugonjwa huo wanakuuzia tanki la akiba la lita 200. Umelipia ugonjwa, umelipia na panadoli.

Nyumba yako inataka mashine ya 6 au 7. Tanki la akiba kwenye sakafu ya joto mara nyingi halina kazi, maana sakafu yenyewe ni tanki: tani kadhaa za zege zilizojaa maji ya uvuguvugu.

SimbaWaTheluji, kuhusu kuchimba. Nyumba kama hii inahitaji kama uniti 8,900 za joto kwa mwaka, maji ya kuoga yakiwemo. Pampu ya hewa iliyofungwa vizuri hutoa uniti 4 za joto kwa uniti 1 ya umeme, wastani wa mwaka: kama uniti 2,225 za umeme. Ya ardhini tuipe 4.8: uniti 1,854. Tofauti ni 371. Kwa senti 29 unaokoa kama euro 108 kwa mwaka. Kotesheni mbili za MjengaUghaibuni zinatofautiana 5,300. Gawa. Miaka 49! Na hiyo ni kwa kulinganisha na kotesheni ya hewa iliyovimbishwa.

Ukiwa na jumba la zamani linalokula uniti 30,000 hesabu inageuka, chimba. Ukiwa kwako Sweden kaskazini, chimba. Nyumba mpya ndogo nje ya Hannover, hapana.

Ila hela ambayo ningeiongeza ni ya mabomba ya sakafuni. Uliza wanayalaza kwa nafasi ya sentimita ngapi.

---

MjengaUghaibuni · 16 Machi 2024

Fundi nimesoma mara tatu, ya mwisho nimemsomea mke wangu kwa Kijerumani. Kakaa kimya, halafu akasema "mwambie rafiki yako aje kula".

Nimeangalia karatasi. Mabomba yameandikwa sentimita 20, bafuni 15. Hesabu ya joto hakuna, umebashiri sawasawa.

---

Fundi Kompresa · 16 Machi 2024

Sentimita 20! Waambie 10 kila mahali, bafuni 5 hadi 8 na waweke mengine ukutani, maana bafu lina sakafu ndogo (toa nafasi ya beseni na ya kuogea) na watu wanalitaka nyuzi 24.

Sababu yake ni hii. Mabomba yakiwa machache lazima maji yawe moto zaidi ili chumba kipate joto lilelile. Tuseme nyuzi 38 badala ya 31. Kila nyuzi moja unayopandisha maji, pampu inakula umeme zaidi kwa kama asilimia 2.5. Hesabu mwenyewe kwa nyuzi saba, halafu zidisha kwa miaka 25. Mabomba ya ziada ni plastiki tu, ya bei ndogo, lakini ukishamwaga zege juu yake huwezi kurudi. Mashine utabadilisha siku moja. Sakafu hubadilishi.

---

MtotoWaMakete · 17 Machi 2024

Naomba kuuliza swali la kijinga. Hewa ya nje ni baridi, tena barafu. Hilo joto wanalivuta wapi? Mimi niko Makete, Juni na Julai tunaamka majani meupe kwa sakitu, sijawahi kuona joto humo.

---

Fundi Kompresa · 17 Machi 2024

Si la kijinga, wateja wangu Wajerumani wanaliuliza kila wiki.

Weka mkono nyuma ya friji yako, au ubavuni kwa hizi za sasa. Pana joto, si ndiyo? Joto hilo limetoka ndani, kwenye nyama na maji uliyoweka. Friji halitengenezi baridi, linahamisha joto. Sasa chukulia nchi nzima ya nje ndiyo ndani ya friji, na chumba chako ndiko nyuma yake.

Ndani ya mabomba kuna gesi inayochemka kwenye baridi kali. Propani inachemka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri kwake ni jiko. Inachemka, kompresa inaikandamiza, inapanda moto, inaupeleka kwenye maji, inapoa, inazunguka tena. Umeme unatumika kukandamiza tu. Ndiyo maana unalipa uniti 1 unapata 4. Hita ya waya unalipa 1 unapata 1.

---

MtotoWaMakete · 17 Machi 2024

Nimeelewa kuliko form four nzima. Basi na sisi wa Njombe na Makete tunaweza?

---

Fundi Kompresa · 17 Machi 2024

Usihangaike na mambo ya sakafu. Nunua AC ya ukutani ya inveta, uhakikishe inapasha joto pia, maana nyingi zinazoletwa bongo zinapoza tu. Angalia kama rimoti ina alama ya jua na umuulize muuzaji. Chumba kimoja, BTU 9,000 au 12,000. Ni pampu ya joto hiyohiyo, jina tu tofauti. Umeme wa kawaida wa nyumbani elfu moja unapata uniti 2.8 hivi, uniti moja inakutolea joto la uniti 3 au zaidi. Mkaa wa siku nzima unagharimu ngapi kwenu? Na mkaa chumbani unaua watu, hilo usilisahau.

Ila kwanza ziba upenyo chini ya mlango na juu ya ukuta. Nyumba zetu za kusini joto linatokea darini.

---

MzeeKibatari · 19 Machi 2024

Nimeuliza jirani. Nyumba yake ya mwaka 1974. Fundi yuko sahihi, naomba radhi kwa mleta mada.

---

MjengaUghaibuni · 2 Juni 2024

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Nimemlipa mhandisi wa kujitegemea euro 480 anifanyie hesabu ya joto. Imetoka kilowati 5.4. FUNDI ALISEMA 5.4. Sijui ni mchawi au vipi.

Nilipoipeleka kampuni, yule bwana aliitazama kama nimemletea barua ya talaka. Akasema wao huweka kubwa "kwa usalama". Nikamuuliza usalama wa nani. Mwisho wakakubali kuitoa pampu kwenye mkataba na kunipunguzia bei, nikatafuta kampuni ndogo ya baba na mwanawe kijiji cha pili.

Hao wamenipa mashine ya kilowati 7 ya propani, tanki la kuoga lita 300, bila tanki la akiba: 24,600. Msingi wa zege nje nimemwaga mwenyewe na shemeji yangu Jumamosi moja, vifaa 390. Mabomba ya sakafuni sentimita 10, na bafuni ukutani pia, yamepanda hadi 11,200.

Jumla na ile 480 ya mhandisi ni 36,670. Mwanzo ilikuwa 46,200. Nimeokoa 9,530 kwa kusoma uzi.

---

ChaiMaziwa · 2 Juni 2024

Fundi mpe jamaa namba ya akaunti.

---

BintiMichenzani · 3 Juni 2024

Hongera kaka. Mashine umeiweka upande gani? Yangu wameiweka kwenye kona ya kuta mbili chini ya chumba cha kulala, sauti inagonga huku na huku. Mchana husikii, saa nane za usiku unaisikia kama nzi mkubwa aliyefungiwa kwenye chupa. Nimeshalalamika mara mbili.

---

Fundi Kompresa · 3 Juni 2024

Kona ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Kuta mbili zinaipaza sauti. Ujerumani usiku mipaka ni desibeli 35 dirishani kwa jirani kwenye eneo la makazi matupu, 40 kwenye makazi ya kawaida, na majirani wa huku wanapima kweli. Mashine itazame wazi, barabarani kama inawezekana, iwekewe raba chini. Kuna na mpangilio wa usiku wa kupunguza kasi ya feni, waambie wakuwashie.

---

MjengaUghaibuni · 9 Februari 2025

Tumeingia mwezi wa kwanza. Naandika nikiwa nimevaa soksi tu, nje nyuzi 6 chini ya sifuri. Sakafu haina moto unaousikia mguuni, haina baridi pia. Mama mkwe kaingia akaweka kiganja chini akasema imezimika. Nikamwonyesha kipimajoto: 21.

Sasa kilio changu.

Zege la sakafu lilipomwagwa Oktoba likahitaji kukaushwa kabla ya vigae. Mashine ina mpango maalumu wa kukausha, inapandisha joto siku hadi siku. Ili isaidie, fundi aliwasha hita ya waya iliyomo ndani, kilowati 9. Mpango ukaisha. Hita haikuzimwa. Siku 19 imekuwa ikiwaka na kuzima nyumba ikiwa tupu, madirisha yamefunguliwa kutoa unyevu. Nimekuja kusoma mita: uniti 1,400 zimeondoka. Kama euro 450, bure kabisa. Nilipompigia yule mzee akasema "ah, ndiyo, hiyo huwa inasahaulika".

Kingine kilichonitisha: asubuhi moja mashine ilikuwa imeganda barafu nyeupe mapezi yote, ghafla feni ikasimama, ukafumka mvuke mkubwa kama sufuria ya makande. Nilidhani inaungua. Nikatoka mbio na ndoo.

---

Fundi Kompresa · 9 Februari 2025

Hahaha, ndoo! Hiyo inajiyeyusha barafu. Inageuza mzunguko kwa dakika chache, inachukua joto kidogo la sakafuni kuyeyusha mapezi, mvuke unapanda, inaendelea. Itafanya hivyo kila siku yenye unyevu, hasa nje ikiwa karibu na sifuri.

Pole kwa hita, ni kosa la fundi, mdai angalau nusu. Kwa wote wanaojenga: siku ya kukabidhiwa, simama naye mbele ya skrini akuonyeshe hita ya waya imewekwa ianze nyuzi ngapi. Kwa nyumba yako hita isianze juu ya 8 au 10 chini ya sifuri.

Halafu fungua themostati zote za vyumbani hadi mwisho. Ndiyo, zote. Ukizifunga maji hayazunguki, mashine inarudi kwenye daladala. Punguza joto la maji yenyewe kidogo kidogo, kila siku mbili nyuzi nusu, mpaka mke aseme kuna baridi. Hapo rudisha nusu.

---

MjengaUghaibuni · 11 Februari 2025

Mke kasema kuna baridi kwenye nyuzi 29. Nimeacha 29.5.

---

SimbaWaTheluji · 11 Februari 2025

Huyo mke ni themostati original.

---

MjengaUghaibuni · 1 Februari 2026

Niliahidi kurudi mwaka ukitimia. Nimesoma mita ya mwaka mzima wa 2025, pampu ina mita yake.

Umeme uliotumika: uniti 2,610. Joto lililotolewa kwa mujibu wa mashine: uniti 10,180. Yaani 3.9 kwa 1. Ni juu ya zile 2,225 alizokadiria fundi, lakini alinieleza kwa simu kuwa mwaka wa kwanza nyumba mpya inakausha maji ya zege na plasta, joto linaliwa humo. Kwa senti 29 ni euro 757. Mwenye nyaya za umeme ananipunguzia 140 hivi kwa mwaka, kwa sababu pampu zilizofungwa tangu 2024 anaruhusiwa kuzibana hadi kilowati 4.2 mtandao ukizidiwa. Hajawahi kuibana hata mara moja, au sijagundua.

Baridi kali tuliyoipata ilikuwa nyuzi 9 chini ya sifuri. Mashine haikuzima usiku kucha, ndani 21. Hita ya waya haikuwaka.

Ile 450 ya hita, mzee alinirudishia 200 na chupa ya mvinyo.

Sasa sikilizeni hii. Desemba boila ya baba mkwe iligoma, ikabidi isubiri fundi aitengeneze. Siku nne wamelala kwetu, yeye na mama mkwe, anatembea pekupeku sebuleni asubuhi na kikombe cha kahawa, hasemi kitu. Siku ya tano akaniomba namba ya yule mzee na mwanawe. Kotesheni yake imekuja 29,800. Nyumba yake ni ya mwaka 1988, boila ya gesi imepita miaka 20, anaishi mwenyewe, mashine ni ya propani. Asilimia 30, na 20, na 5. Atarudishiwa euro 16,390.

Mimi niliyekuwa nabishana naye miaka miwili, sifuri.

---

MzeeKibatari · 1 Februari 2026

Si nilisema serikali inarudisha?

---

ChaiMaziwa · 1 Februari 2026

Mzee Kibatari tulia.